Bomba la Upande wa Kushoto

Habari ya timu kuhama haikumshtua Dolores Hruska. Mtu hushtuka mara ya kwanza, labda na ya pili. Ukishatishiwa miaka nenda miaka rudi kwamba timu itahama, ile siku ya kuhama kweli ikifika unakuta machozi yalishakauka zamani, umebaki na miguu inayouma tu. Preston Vail, tajiri mwenye timu, alianza kwa kudai paa jipya juu ya viti. Akapewa. Akadai vyumba vya vioo vya kukaa matajiri wenzake, akajengewa kwa kodi za watu ambao hawakuwahi kutia mguu humo. Kisha akadai uwanja mwingine mzima, na mji wa Harlow, ambao kiwanda chake cha chuma kilikuwa kimebaki dohani zisizotoa moshi, ukasema hapo basi, hatuna. Vail akasema hakuna neno, Palo Seco kule Arizona wanao. Ndivyo Korongo wa Harlow, timu ya besiboli iliyolea vizazi vitatu hapa kando ya Ziwa Erie, walivyofungishwa virago kwenda jangwani.

Kilichomshtua Dolores ni ndoo.

Alhamisi, kabla ya ile Jumapili ya mechi ya mwisho, wahudumu wa viti waliitwa wote chini ya ngazi kuu. Wengi wao walikuwa wajane na wastaafu kama Dolores, watu ambao kazi yao ilikuwa kumwonyesha mtazamaji kiti chake, kukifuta umande kwa kitambaa, na kumwambia mlevi akae chini asije akavunjika shingo. Kijana mmoja wa ofisini, suti imemkaa vizuri na viatu havina hata vumbi, akawaeleza ratiba. Kitapigwa kinanda. Watatambulishwa wachezaji wa zamani, wale wanaoweza bado kutembea. Halafu Bwana Vail atashuka uwanjani, achimbe udongo pale kwenye kibao cha nyumbani, autie ndoo, na aubebe kwa mkono wake mwenyewe hadi Palo Seco. Historia, akasema yule kijana, inahama pamoja na timu. Wenzake Dolores wakaguna. Mmoja akauliza kama siku hiyo watalipwa saa za ziada.

Dolores alikaa kwenye ngazi. Alisema kisigino kinamsumbua, na wenzake wakamwamini, maana kila mtu pale alikuwa na kitu kinachomsumbua.

Ukweli ni kwamba katika udongo ule alikuwamo mume wake.

Hapo kwenye kibao, kwa asiyepajua, pamelazwa kipande cheupe cha mpira kilichofukiwa mpaka kikawa sawa na ardhi. Mpigaji husimama kando yake na gongo lake, na mchezo wote, ukiuondolea mbwembwe, ni kutoka pale, kuzunguka, na kurudi pale. Ndiyo maana panaitwa nyumbani. Sehemu ya kumi na mbili ya viti, ambayo Dolores aliihudumia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, iko nyuma ya hapo hapo.

Emil Hruska alikuwa mtu wa tanuri, maisha yake yote kiwandani. Nyumbani hakuwa na maneno. Ungeweza kula naye supu ya kabichi mwanzo hadi mwisho asiseme ila "ongeza chumvi." Lakini mtajie Korongo, eeh, utatafuta pa kujificha. Alijua nani alipiga nini mwaka gani, na nani alipaswa kuachwa benchi, na kocha gani alikuwa mjinga wa kuzaliwa. Mapafu yalipomwishia, kitandani pale, uvumi wa kuhama ukiwa umepamba moto, Dolores alimsomea gazeti. Emil akachomoa mpira wa kupumulia puani, akasema, "Wahame wao. Mimi sihami." Hayakuwa maneno yake ya mwisho, ya mwisho yalikuwa kuomba maji, lakini Dolores aliyashika hayo kama wosia.

Basi akampeleka mahali asipoweza kuhama. Jumapili moja moja baada ya mechi huwa wanawaruhusu watu na watoto wao kushuka kutembea uwanjani. Dolores alitoboa mfuko wa suruali yake ya kazi, akamimina humo majivu ya Emil kutoka kwenye kopo la kahawa huku amelibana lile tundu kwa vidole, akatembea polepole mpaka kwenye kibao, akasimama upande wa kushoto ukitazama kutoka sehemu ya kumi na mbili, pale wanaposimama wapigaji wengi, akaachia vidole. Alimaliza, akajifuta, akarudi kazini. Usidhani ni wazimu wake peke yake. Uwanja hauruhusu, padri hapendi, na bado watu wa mji huu huleta majivu ya wafu wao hapo vivyo hivyo. Ni miaka sita sasa, na kila asubuhi ya mechi, kabla milango haijafunguliwa, Dolores alikuwa akisimama kwenye ukuta mfupi wa sehemu ya kumi na mbili na kusema kwa sauti ya kawaida, "Habari ya asubuhi, mzee." Halafu anamweleza mawili matatu: nyonga imepasuliwa, bei ya gesi imepanda, mrusha mpira wa leo mkono wake hauna nguvu.

Sasa mzee huyo atiwe ndoo! Apelekwe Arizona, yeye ambaye mwezi wa tano tu alikuwa akilalamika joto! Tena mkononi mwa Preston Vail, mtu ambaye Emil alizoea kumtukana mpaka mbwa wa jirani anabweka. Hasira ya Dolores ikawa inachelewa, inakuja kwa kujikokota, kama mtu aliyeamshwa usingizini mara nyingi mno.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomchoma, nalo hakuwa na wa kumlaumu. Alilijua tangu zamani.

Korongo hawakuzaliwa Harlow. Walikuja. Zamani hizo walikuwa wakiitwa Wahunzi, Wahunzi wa Ashbury, kule mashariki, na mji wa Ashbury ulilia wakati Harlow ikipiga ngoma. Emil alikuwa mtoto wa miaka minane. Baba yake alimbeba mabegani hadi stesheni kuipokea treni, na kutoka kwenye treni hiyo alishuka mwenye timu wa wakati ule na ndoo ya udongo wa Ashbury mkononi, watu wakashangilia hadi kofia zikapotea. Emil aliisimulia hadithi hiyo kila Krismasi. Nani alijiuliza mle ndooni mna baba wa nani? Hakuna. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mtu wa Ashbury walikuwa naye hata hivyo. Mzee mmoja, Thaddeus Lunt, alikuwa akija kila Agosti kwa basi, safari ya usiku kucha, anakaa sehemu ya kumi na mbili na kofia ya Wahunzi iliyokuwa imepauka mpaka rangi haijulikani. Hakupiga makofi hata mara moja. Alitazama tu. Emil, alipokuwa mzima na ana bia mkononi, alikuwa akimwinamia na kumuuliza, "Mzee, talaka ilishatoka, mbona bado unamfuata mke wa watu?" Viti vyote vinavunjika mbavu. Lunt siku moja alimjibu bila kugeuka: "Mwenzako akinyolewa, kijana, wewe tia maji." Dolores alikuwa akifuta kiti cha jirani. Alicheka na yeye, na sasa kicheko kile kilikuwa kikimrudia kwa njia ambayo hakuipenda. Lunt alikufa zamani, na kofia yake haijulikani ilikwenda wapi.

Alhamisi hiyo hiyo Dolores alikwenda bandani kwa Marvin Tolliver.

Marvin ndiye aliyekuwa mkuu wa watunza uwanja. Mtu mrefu, mweusi, wazee wake wa Alabama, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Alimkuta anapaka mafuta reki na makoleo, vyombo ambavyo baada ya Jumapili havitakuwa na kazi. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Palo Seco. Pensheni yake ilikuwa karibu na hakuwa na ujana wa kuanza kwingine. Kwa miaka sita hawajawahi kuliongea lile jambo. Ile Jumapili ya mfuko uliotoboka, Dolores akiwa pale kwenye kibao, alikuwa ameinua macho akamwona Marvin amesimama na mpira wa maji, anamtazama yeye. Marvin akageuka, akaanza kumwagilia nyasi ambazo zilikuwa zimeloa tayari.

"Marvin," akasema Dolores, "unajua Emil yuko wapi."

"Najua, Bi Dolores. Nilikuona." Akafuta mikono. "Majivu ya mtu si kama ya kuni. Yanaanguka mazito, kama changarawe ya kulishia kuku. Ukishayaona mara moja huyakosei."

Akamwomba achimbe pengine. Akamweleza kuhusu wosia, kuhusu Arizona, akaeleza hata mambo ambayo hayakuhitajika, kama vile Emil alivyokuwa hawezi hata kukaa jikoni oveni ikiwaka. Marvin alisikiliza yote. Halafu akasema anayechimba si yeye, ni Vail, yeye ameambiwa ashike ndoo tu. Kamera zitakuwa pale, watu watakuwa pale, na yeye ni mtu wa kuajiriwa. Atamwambiaje mwenye uwanja achimbe wapi kwenye uwanja wake? Dolores alisimama tu, mikono imelegea, na akaonekana mzee ghafla.

Marvin akaiweka reki chini.

"Bi Dolores, kaa. Kuna kitu sijawahi kukwambia. Pale kwenye kibao hapakai udongo mmoja. Wapigaji wanapachimba kwa viatu mpaka panakuwa shimo. Kila Machi tunauchimbua wote, tunaweka mfinyanzi mpya. Unakuja kwa lori kutoka Pennsylvania."

"Na wa zamani?"

"Tunaumwaga maegesho C. Lile bonde la pembeni, linalojaa maji. Tumekuwa tukilijaza miaka yote, halijai."

Maegesho C ndiko wahudumu wote, Dolores akiwemo, walikoegesha magari yao. "Kwa hiyo Vail atabeba nini?"

"Pennsylvania," akasema Marvin. "Atabeba Pennsylvania hadi Arizona, na watu watalia."

Dolores akacheka, kicheko kikavu, kikaisha upesi. Alifarijika, ndiyo, Emil hapelekwi popote. Lakini dakika hiyo hiyo akaona kama ameibiwa. Miaka yote ile alikuwa anamsalimia nani? Nyonga yake alikuwa amemsimulia nani? Alikuwa akiongea na udongo wa watu wa Pennsylvania, huku mume wake akikanyagwa na magurudumu ya gari lake mwenyewe. Akamuuliza Marvin mbona hakumwambia. Marvin akasema alikuwa akimwona kila asubuhi pale ukutani anavyosalimia kwa raha zake, angeanzaje?

Alipotoka alipitia maegesho C. Lile bonde lilikuwa na maji machafu, na glasi ya plastiki ya bia inaelea. Dolores alisimama ukingoni akajaribu. "Habari ya asubuhi, mzee." Ilikuwa saa tisa ya mchana. Alijiona mpumbavu, akaingia garini akaenda zake nyumbani, akapasha supu ya juzi.

Jumapili uwanja ulijaa, ndiyo kejeli yenyewe. Miezi yote ile ulikuwa na watu wachache na ndege wa ziwani wakigombania vibanzi, leo hata viti vya juu kabisa vimejaa. Watu waliokuwa hawajaonekana tangu kombe la pekee la Korongo walikuja wamevaa jezi zilizobana tumbo. Waliokuja na bisibisi mifukoni kung'oa viti vyao walikuwepo pia, na wahudumu walikuwa wameambiwa wawazuie, na hakuna mhudumu aliyemzuia mtu. Dolores alifuta viti vyake vyote. Alifuta hata kile ambacho Thaddeus Lunt alizoea kukaa, ambacho leo alikikalia mwanamke mwenye kilemba cha bluu aliyekuwa akila soseji na kulia kwa pamoja.

Asubuhi hiyo hakusimama ukutani. Alipita tu akiangalia mbele, kama unavyopita nyumba ya rafiki uliyegombana naye.

Korongo walishindwa. Mtu gani alitegemea vingine? Walishindwa bila haya, kwa makosa yale yale ambayo Emil angeyataja moja moja, na mchezaji wa mwisho wa Harlow alitolewa kwa kupunga gongo hewani. Watu hawakuzomea. Walisimama, na ukimya wao ulikuwa mzito hata Dolores akatamani wazomee.

Kisha kinanda kikapigwa, wazee wakatambulishwa, na Preston Vail akashuka. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko kwenye gazeti, na koti zuri. Hapo ndipo zomeazomea ikaja, ndefu, ya kutoka kifuani, na ikaendelea mpaka watu wakachoka nayo kwa sababu hata kuzomea kunahitaji nguvu. Alikuwa na kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola. Alisema historia ni kitu kitakatifu. Akasema Wahunzi, Korongo na sasa Nge, maana ndilo jina watakaloitwa huko jangwani, ni familia moja. Mtu mmoja wa sehemu ya kumi na mbili akamwambia familia yake ni ya fisi, na Dolores, ambaye kazi yake ilikuwa kumwonya, akajifanya hasikii.

Akapewa koleo lililopakwa rangi ya dhahabu. Wapiga picha wakamwashiria asimame upande wa kushoto, kwa kuwa hapo jua lisingempiga machoni na uso wake ungeonekana vizuri. Marvin Tolliver alikuwa pale na ndoo, amevaa shati lake jipya la kazi lenye mikunjo ya dukani.

Dolores alitazama bila shida. Ni mfinyanzi tu, alijiambia. Mchimbe mshibe.

Vail akainua koleo, na Marvin akapiga hatua moja, akasimama upande wa kushoto na buti zake mbili, hapo hapo mahali pa kuchimba. Vail akangoja. Marvin hakutoka. Wapiga picha wakaanza kupiga kelele.

"Hapa hapana, bwana," akasema Marvin, na kwa sababu ya kile kipaza sauti cha kwenye kola, uwanja mzima ulimsikia. "Hapa chini kuna bomba. Chimba upande ule."

Halafu kule juu mtu akacheka, na mwingine, na kicheko kikashuka ngazi kwa ngazi. Bomba la maji chini ya kibao cha nyumbani! Hata mtoto wa shule anajua kuwa bomba halipitishwi hapo. Lakini Vail hakuwa mtoto wa shule, alikuwa mwenye timu, na mwenye timu haulizi maji yanapita wapi. Akamtazama Marvin, akatazama kamera, akahama upande wa kulia. Akachimba makoleo mawili na jua likiwa usoni, akikunja uso kama aliyelamba ndimu. Akatia ndoo. Watu wengine walilia kweli, kama Marvin alivyosema.

Dolores hakulia. Alikuwa ameshika ule ukuta mfupi kwa mikono miwili. Kama udongo wote ni wa Pennsylvania, kwa nini Marvin alizuia wa kushoto usichimbwe?

Ilimchukua muda mrefu kutoka. Watu hawakutaka kuondoka, na wahudumu hawawezi kuondoka kabla ya watu. Alimsaidia yule mwanamke wa kilemba kutafuta kiatu. Alikunja kitambaa chake, akataka kukirudisha kwenye kabati la vifaa, akaona ni upuuzi, akakitia begani. Miguu ilikuwa inamuuma kuanzia unyayoni mpaka nyongani. Alipofika maegesho C jua lilikuwa bado juu ya ziwa na magari yalikuwa yamebaki machache.

Marvin alikuwa amekaa kwenye bodi ya nyuma ya gari lake, anabadilisha buti. Lile shati jipya alikuwa amelivua. Dolores akaenda akasimama mbele yake. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, na yote yakampotea.

"Marvin. Hilo bomba, liko kushoto tu?"

"Kushoto tu."

"Na lilianza kuwepo lini?"

Marvin alivuta kamba ya kiatu, akaifunga, akaifungua tena. "Miaka sita, Bi Dolores," akasema. "Kila Machi nawaambia vijana, chimbueni kote, kushoto pale msiguse, kuna bomba. Tunaweka udongo mpya juu yake, basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Dolores alikaa kwenye ile bodi, karibu naye, na hapo ndipo machozi yalipomjia, yale ambayo alidhani yameshaisha tangu wakati wa paa na vyumba vya vioo. Alilia kwa kutumia kile kitambaa cha kufutia viti. Marvin alimwacha alie, akatazama ziwani kana kwamba kule kuna la kutazama.

"Sasa Alhamisi ulinidanganya kwa nini?" akamuuliza alipoweza. "Ukanifanya nisalimie dimbwi."

"Sikujua kama yule bwana atanisikiliza," akasema Marvin. "Nikasema, asiponisikiliza akachimba, angalau wewe utalala usingizi."

Walikaa. Mtu mmoja alipita na kiti kizima begani, skrubu zake zikining'inia, akawasalimu kwa kichwa. Dolores akasema uwanja watauvunja hata hivyo, ameona kwenye gazeti, kabla ya baridi kuisha. Marvin akasema ndiyo, watauvunja. Dolores akasema wauvunje tu. Emil alikuwa mtu wa tanuri, vumbi na kelele havikuwahi kumsumbua, na watakachomwaga juu yake kitakuwa cha Harlow. Yeye alisema hahami, na hakuhama. Amewashinda wote, na Vail na Korongo wenyewe. Akasema angependa kumwambia, ila milango imeshafungwa.

"Nina funguo mpaka kesho," akasema Marvin.

Dolores alifikiria, akatikisa kichwa. Alisema amechoka, na Emil anamjua akichoka hana maneno. Atamwambia kesho asubuhi, saa ileile ya kila siku. Akainuka kwa kushika bega la Marvin, akamuuliza atakula nini huko jangwani, naye akasema hajui, na Dolores akamwahidi kopo la kachumbari ya kabichi la kuanzia.

Alikwenda kwenye gari lake, akaweka mkono mlangoni, akageuka.

"Na humu dimbwini, huo udongo mnaoutoa upande wa kulia kila mwaka. Si kuna watu?"

"Wapo," akasema Marvin. "Wengi tu."

Dolores akaingia garini. Alizoea kulikata lile bonde moja kwa moja ili awahi lango kabla ya foleni, na leo hapakuwa na foleni yoyote. Akazungusha usukani wote, akapita ukingoni polepole, tairi zisiguse maji, na alipokuwa sambamba nalo akashusha kioo. Waliomo hakuwajua, wengine huenda walikuja na ndoo ya Ashbury. Akawaambia habari za jioni, akaenda zake nyumbani.